Daftari Huria na Mtunzaji Asiyeajiriwa

Mnamo 2017, makontena 277 ya mchanga wa madini kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi yalipozuiliwa katika bandari ya Dar es Salaam, na kamati mbili zilizoundwa na Rais, ya kwanza chini ya Profesa Abdulkarim Mruma na ya pili chini ya Profesa Nehemia Osoro, zilipotoa taarifa zao mwezi Mei na mwezi Juni, nchi nzima iligeuka kuwa baraza la wahasibu, hata vijiwe vya kahawa vya Kahama, ambavyo aghalabu hushughulika na mpira na siasa, vikawa vinabishana juu ya wakia, tani na asilimia. Kampuni yenye migodi ilikuwa na hesabu yake ya madini yaliyomo, Serikali ikawa na hesabu yake, na tofauti baina ya hesabu hizo ilikuwa kubwa kiasi cha kuishinda akili ya kawaida kuikadiria. Ugomvi ule ulikwisha kwa mazungumzo, kwa ahadi ya malipo ya dola milioni 300 za Marekani, na kwa kuundwa kwa kampuni ya Twiga ambamo Serikali ilipata hisa za asilimia 16, wala si nia yangu kuufufua. Ninautaja kwa kuwa ulituonyesha dhahiri shahiri kwamba penye mali itokayo ardhini, asiye na daftari lake mwenyewe hulazimika kusoma la mwenziwe.

Ugomvi huo mkubwa una wadogo zake katika machimbo madogo ya dhahabu. Simama saa ya mgao penye mwalo wowote wa Lwamgasa au wa Kakola, na utamwona karani ameketi juu ya kiroba, kaunta buku imefunguliwa magotini, kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula na kingo zake zimelowa dizeli na tope jekundu. Anaandika viroba vya mawe vilivyotoka duarani, yaani shimoni, vilivyokwenda kwa mwenye leseni, vilivyokwenda kwa mwenye duara, vilivyobaki kwa wachimbaji, na deni la chakula, magogo na baruti litakalokatwa kabla mtu hajashika chake. Vijana husimama nyuma yake wakisoma juu ya bega lake, kwani kila mmoja ana hesabu yake kichwani na anataka kuona kama zinapatana. Karani akiwa mwaminifu, siku hupita kwa amani. Akiugua, au akiondoka na buku lake kufuata rashi mpya ya dhahabu wilaya ya pili, haki za watu mia kadhaa huondoka naye.

Fauka ya hayo, kuna taabu ya majina. Katika Usukuma pacha wa kwanza huitwa Kulwa na wa pili Doto, na anayezaliwa baada yao huitwa Shija, kwa hiyo katika machimbo yenye watu wengi si ajabu kuwakuta kina Kulwa Masanja watatu, mmoja wa Kishapu, mmoja wa Bukombe na mmoja wa Maswa, na karani ambaye leo ameandika Kulwa, kesho ataandika Kurwa, na keshokutwa, kwa haraka, K. Masanja tu. Nani kati yao alikopa buti? Kaunta buku haisemi. Swali la namna hii, ambalo huonekana dogo mpaka siku litakapofika polisi, lina dawa yake katika fikra za Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California, na aliyechapisha makala yake mashuhuri mnamo 1970. Codd alipendekeza kwamba habari zipangwe katika majedwali. Kwamba kila kinachoandikwa, awe mtu, liwe duara au kiwe kiroba, kiwe na mstari wake mmoja na ufunguo wake usiofanana na wa mwingine. Kwamba kila jambo liandikwe mahali pamoja tu. Na kwamba majedwali hayo yaungane kwa funguo, pasipo kujali habari zenyewe zimelala wapi ndani ya mashine. Kulwa wa Kishapu akipewa ufunguo wake, hata ukiwa ni ile namba ya NIDA yenye tarakimu 20, deni la buti litamfuata yeye na kuwaacha wajina wake walale usingizi.

Kanzidata, yaani daftari la mashine lililopangwa kwa majedwali ya namna hii, ina sifa ya pili, ambayo kila mwenye simu nchini anaijua kwa jina la muamala. Viroba 12 vinapotoka katika hesabu ya duara na kuingia katika hesabu ya karasha, mashine ya kusagia mawe, mambo mawili huandikwa, na kanzidata yenye adabu huyaandika yote mawili au haiandiki hata moja. Umeme ukikatika katikati, na sote tunaujua umeme wetu, haitakubali kuamka asubuhi na viroba vilivyotoka huku na visivyofika kule. Yeyote aliyewahi kutuma pesa kwa simu zikaondoka kwake zisimfikie mpokeaji anaelewa thamani ya sharti hilo kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu.

Jambo la kustaajabisha, na ambalo nadhani wengi wetu hatujalitafakari ipasavyo, ni kwamba vyombo bora vya kazi hii havina bei. Mnamo 1986, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Michael Stonebraker na wenzake walianza kuunda injini ya kanzidata waliyoiita POSTGRES. Wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, wakaipa lugha ya maswali ya SQL mnamo 1994. Na tangu 1996 inaitwa PostgreSQL, nayo hutunzwa na mafundi waliotawanyika duniani, pasipo kampuni moja inayoweza kudai kuwa ni mali yake. Nduguye MySQL alizaliwa Uswidi mnamo 1995 kwa mikono ya Michael Widenius na washirika wake, akauzwa mwaka 2008 kwa kampuni ya Sun kwa dola bilioni moja, na Sun yenyewe ilipomezwa na Oracle mnamo 2010, Widenius alikuwa amekwisha kuchukua msimbo ule ule, ambao sheria ya uhuria wake ilimruhusu yeye na mtu mwingine yeyote kuuchukua, akauendeleza kwa jina la MariaDB, kutokana na jina la binti yake. Kijana wa Bukombe mwenye kompyuta ya mtumba aweza leo kuishusha injini ile ile inayobeba hesabu za benki za Ulaya, asiombe idhini ya mtu wala asilipe senti zaidi ya bando.

Na msomaji asidhani kuwa nazungumzia mambo ya baadaye. Muuguzi wa zahanati ya kijiji katika Mbogwe au Kishapu, anapomaliza mwezi, huketi na vitabu vyake vya MTUHA, akahesabu wajawazito waliohudhuria, watoto waliochanjwa na wagonjwa wa malaria, akajaza fomu, na fomu ikapelekwa halmashauri ambako tarakimu zake huingizwa katika mfumo wa DHIS2. Mfumo huo uliendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kutokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini baada ya 1994, ukaletwa katika matumizi yetu kwa juhudi za Wizara ya Afya na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na chini yake, mahali ambapo mtumiaji hapaoni, inafanya kazi PostgreSQL. Kwa miaka mingi, basi, hesabu ya malaria ya Usukuma imekuwa ikilala katika kanzidata huria, na hakuna aliyepiga vigelegele.

Injini tunayo, na mifumo iliyojengwa juu yake inaongezeka kila bajeti. Ninalolalamikia ni kwamba mtunzaji hatumwajiri. Soma makisio ya taasisi zetu, za umma na za binafsi, na utakuta kifungu cha ununuzi wa mfumo, kifungu cha kompyuta, kifungu cha posho za mafunzo ya watumiaji, lakini ni nadra kukuta kifungu cha mtu ambaye wajibu wake wa kila siku ni kuijua kanzidata hali yake, usingizi wake na maradhi yake. Hudhaniwa kwamba ofisa wa TEHAMA anatosha. Huyo bwana au bibi, ambaye nampa heshima zote, asubuhi ameitwa kutoa karatasi iliyokwama katika printa ya masijala, saa nne anaunganisha projekta ya kikao, mchana anamrudishia mkubwa wake nywila aliyoisahau kwa mara nyingine, na jioni, akisalia na nguvu, ndipo huitazama seva, akiona taa zake zinawaka humshukuru Mungu na kwenda nyumbani.

Katika hospitali moja ya ukanda huu wa Geita na Shinyanga, ambayo jina lake nalisitiri kwa kuwa kosa lake ni kosa la wengi, nilionyeshwa diski ya nje iliyobandikwa karatasi yenye neno NAKALA kwa kalamu nzito. Kila usiku, saa nane, programu ndogo ilikuwa na kazi ya kutoa nakala ya kanzidata ya wagonjwa na kuifungasha katika faili lenye tarehe ya siku ile, na mafaili yalikuwapo, moja kwa kila usiku, hakuna usiku uliorukwa. Nilipoomba kuona ukubwa wake, kila faili la miezi ya karibuni lilikuwa na baiti 20. Herufi za neno halmashauri peke yake ni zaidi ya nusu ya hizo. Faili la namna hiyo ni bahasha iliyofungwa kwa gundi, ikaandikwa anwani na tarehe, pasipo barua ndani. Mtu fulani alikuwa amebadilisha nywila ya kanzidata, kwa sababu njema ya usalama, na hakuna aliyekumbuka kuiarifu ile programu ndogo. Nayo ikawa kila usiku inakataliwa mlangoni, na ile ya kufungasha, ambayo haina desturi ya kuuliza, ikaufungasha utupu ule na kuutia tarehe. Diski ilikuwa nzima. Taarifa ya robo mwaka ilisema kwamba nakala hutolewa kila siku, na kila neno la taarifa hiyo lilikuwa la kweli.

Tusijidharau kwa hayo, maana yamewapata wenye mali na maarifa kutuzidi. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab, ambayo huhifadhi kazi za waandishi wa programu wa dunia nzima katika kanzidata ya PostgreSQL, alikuwa akihangaika kuirekebisha seva ya pili iliyobaki nyuma ya seva kuu, akaandika amri ya kufuta, na amri hiyo ikatekelezwa katika seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde chache akaisimamisha. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia 4.5. Wakaiendea nakala ya kila siku, wakakuta haipo, kwa kuwa chombo cha kuitoa kilikuwa cha toleo la zamani kuliko injini yenyewe na kilikuwa kikishindwa kimya kimya, na barua pepe za kuonya juu ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo fundi yule yule aliitoa saa sita kabla kwa haja nyingine kabisa. Ninalowasifia ni kwamba walitangaza kila hatua hadharani, kosa baada ya kosa, na wakairejesha kazi yao watu wakitazama. Kwetu sisi mteja angeambiwa mtandao uko chini, arudi Jumatatu.

Kazi ya mtunzaji haiishii kwenye nakala. PostgreSQL, kabla ya kubadilisha jedwali lolote, huandika kwanza kusudio lake katika kumbukumbu ya mfululizo na kuhakikisha kwamba kumbukumbu hiyo imefika diskini, na kwa sababu hiyo umeme ukirudi huisoma, ikamaliza yaliyothibitishwa na kuyatupa yaliyokatika katikati. Lakini uhakikisho huo una gharama ya muda, na wapo mafundi ambao, ili mfumo uonekane mwepesi siku ya maonyesho, huuzima, nao hufanya hivyo katika nchi ambayo jenereta huunguruma kila wiki. Mnunuzi hajui, kwa kuwa kasi huonekana na usalama hauonekani. Kadhalika injini hii, mstari unapobadilishwa, haiufuti ule wa zamani papo hapo, huuacha mpaka ufagiliwe, na ingawa ina mfagiaji wake wa ndani, mtu mmoja aliyefungua muamala wake asubuhi akaenda chai bila kuufunga aweza kumzuia mfagiaji huyo siku nzima. Namba za miamala nazo zina kikomo, kama bilioni nne hivi kabla hazijaanza mzunguko upya, na ufagiaji ukicheleweshwa mno injini hukataa katakata kuandika, isije ikachanganya miamala ya kale na mipya. Mnamo Februari 2019 huduma ya barua pepe za Mandrill ilisimama kwa zaidi ya siku moja kwa sababu hiyo hiyo, na dalili zake huwa zimekwisha kuonekana mapema kwa yeyote ambaye kazi yake ni kuziangalia.

Hapa sina budi kusema neno juu ya tamaa ya ukubwa. Mwisho wa mwezi unapofika, wahasibu wanafunga, zahanati zinaleta fomu, kila mtu yumo mfumoni kwa wakati mmoja na kioo kinazunguka tu, na kauli inayosikika ni kwamba seva imezidiwa, inunuliwe kubwa. Makisio yanaandikwa, zabuni inatangazwa, na miezi minane baadaye inakuja mashine nzito ambayo nayo, katika mwezi wake wa pili, inazunguka vile vile. Aghalabu ugonjwa ulikuwa mwingine. Jedwali la mahudhurio lilikuwa limefika mistari milioni tatu, na halikuwa na faharasa katika namba ya mgonjwa, kwa hiyo kila alipotafutwa mgonjwa mmoja lilisomwa lote mwanzo hadi mwisho. Dawa yake ni amri ya mstari mmoja, isiyogharimu kitu. Au miunganisho ilikuwa imejaa, maana PostgreSQL huja imepangiwa miunganisho 100 na kila mmoja hula sehemu yake ya kumbukumbu ya mashine, na pangewekwa bawabu mbele yake, kama ile programu iitwayo PgBouncer, ambayo nayo ni huria, watu mia tano wangehudumiwa na miunganisho ishirini. Au mkubwa mmoja alikuwa ameagiza taarifa ya miaka mitano saa nne asubuhi, ilhali tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010 injini hii inaweza kulisha seva ya pili papo kwa papo, na taarifa nzito zote zikapelekwa huko, keshia asijue kama kuna mtu anauliza mambo ya 2019.

Kipimo ninachokipenda katika shauri hili ni Instagram, ambayo iliponunuliwa na Facebook mnamo Aprili 2012 ilikuwa na watumiaji milioni 30 na wafanyakazi 13, na habari zake zilikaa katika PostgreSQL. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Geita una watu karibu milioni 3 na Shinyanga zaidi ya milioni 2.2. Wakazi wote wa mikoa hii miwili, na watoto wachanga wao, na kila kiroba watakachokiinua mwaka huu, ni habari zinazotosha katika mashine moja ya wastani iliyo mikononi mwa mtu anayeijua. Tulichopungukiwa ni wale kumi na watatu. Hata watano wangetosha kuanzia.

Wako watakaosema kuwa tupeleke kila kitu katika seva za kukodi ng'ambo, tuachane na taabu za diski na jenereta. Shauri hilo lina uzito wake, nami naliunga mkono kwa upande wa nakala ya pili, ambayo ni sharti ikae mbali na jengo la kwanza. Walakini tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na EASSy zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilizorota kwa siku kadhaa, na yeyote ambaye daftari lake la wagonjwa lilikuwa ng'ambo alikuwa na wagonjwa mlangoni na daftari ughaibuni, ilhali jirani yake mwenye seva ndani ya ua aliendelea kuandika. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeweka masharti juu ya kuzisafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na sidhani kwamba kila aliyekodi seva kwa kadi yake ya benki ameyasoma masharti hayo.

Wengine watasema kuwa Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo, inayo sheria yake ya 2019, inao wataalamu, na kwa hiyo mikoani tungoje maelekezo. Sipingi umoja wa viwango, na mfumo wa kitaifa utunzwe kitaifa. Lakini seva iliyoko katika hospitali ya wilaya huliwa na joto la hapa na hufunikwa na vumbi la hapa, na diski yake ikianza kulia, mtaalamu aliyeko Dodoma hawezi kuisikia. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya madaftari ya ukanda huu si ya Serikali hata kidogo: kuna AMCOS za pamba, kuna SACCOS za walimu, kuna wenye karasha na wenye mitambo ya uchenjuaji ambao wateja wao huacha mawe ya mamilioni kwa kuaminiana, kuna wanunuzi wa dhahabu ambao, tangu soko la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, hupima, mrabaha na ada ya ukaguzi vikakatwa, na hutakiwa kuonyesha mtiririko wa kila gramu. Hao hawatatumiwa mtaalamu na mtu yeyote. Wanahitaji kijana wa jirani anayejua kazi, kama wanavyomhitaji fundi wa pampu.

Wazee wa Usukuma waliliona jambo la namna hii katika pamba. Wakulima walipochoka kushuku mizani ya wanunuzi, hawakuishia kunung'unika. Waliunda vyama vyao, wakaweka wapimaji na makarani wao wenyewe, na chini ya Paul Bomani, kijana aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya almasi ya Williamson huko Mwadui, vyama hivyo vikaungana mnamo 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, shirikisho ambalo baada ya miaka michache lilihesabiwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kabisa barani Afrika. Yaliyolisibu baadaye yanajulikana, na mengine yalikuwa ya kujitakia. Lakini mwanzo wake ulikuwa kila kijiji kuwa na mtu wake anayeisoma mizani na kuandika stakabadhi, mtoto wa pale pale, ambaye akikosea anajulikana kwao ni wapi.

Nyumba ya kumfundishia mtu huyo wa leo tunayo. Kizumbi, kilomita chache tu kutoka Shinyanga mjini, kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi ambayo imefundisha hesabu za ushirika kwa vizazi; sioni kwa nini, kando ya somo la leja, lisiwepo somo la mwaka mmoja la utunzaji wa kanzidata, na chuo cha VETA Shinyanga kikalifundisha kama ufundi, sawa na umeme wa majumbani. Naomba tu lisiwe somo la kukariri fasili. Mwanafunzi apewe kompyuta chakavu na PostgreSQL tupu. Aijaze mistari milioni kumi ya viroba vya uongo, jambo linalowezekana kwa amri moja. Aulize swali, apime sekunde, aweke faharasa, apime tena, na asome kwa macho yake maelezo ambayo injini yenyewe huyatoa juu ya njia iliyopita kutafuta jibu. Kisha mwalimu achomoe waya wa umeme katikati ya kuandika, bila kutoa taarifa, na mwanafunzi aseme kilichosalimika na kwa nini. Kisha afute jedwali zima kwa makusudi saa tano na dakika kumi, arejeshe kanzidata kama ilivyokuwa saa tano na dakika tisa. Vitabu vya marejeo ni vya Kiingereza na ni vinene, lakini mwalimu ana ulimi, na faharasa, muamala, ufunguo na nakala ni maneno ambayo hayamtishi mtu aliyemaliza kidato cha nne Salawe.

Ama kuhusu fedha, tusitafute mbali. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kama kilivyorekebishwa 2017, kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na akubaliane na halmashauri juu yake, na kwa mpango huo mabilioni ya shilingi hushuka Geita na Msalala yakawa madarasa, zahanati, madawati na barabara. Hayo ni mema na yaendelee. Mishahara ya watunzaji wawili kwa kila halmashauri, wanaolipwa vya kutosha wasikimbilie Dar es Salaam baada ya mwaka wa kwanza, ni sehemu ndogo tu ya mabilioni hayo, ingawa haina jiwe la msingi la kuwekwa wala utepe wa kukatwa, na nashuku kwamba hiyo ndiyo kasoro yake machoni pa wengi.

Nawaomba madiwani wa halmashauri zote za ukanda huu waweke ajenda moja ya kudumu katika kikao cha kamati cha kila robo mwaka. Iletwe mezani kompyuta tupu isiyo na kitu, iletwe nakala ya usiku wa jana, kutoka katika ile diski ya nje, na mtunzaji airejeshe kanzidata mbele ya wajumbe. Kisha aulizwe wagonjwa waliopokelewa jana walikuwa wangapi, na idadi itakayotoka ilinganishwe na kitabu cha mapokezi kilicholetwa na muuguzi mkononi. Kwa kanzidata ya ukubwa wa hospitali ya wilaya, kazi hiyo yote haizidi muda unaotumika kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Ianze mapema, kabla ya chai, ili nakala ikishindwa kurudi, wajumbe wawe na muda wa kuuliza kwa nini.